Vuli Yetu Ni Mvua: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kutembea Peke Yako

Barua nyingi za mwezi huu zimefuata mkondo mmoja. Mtu amechoka, kichwa kimejaa, anataka kuondoka peke yake kwa miguu, mlimani au msituni, arudi akiwa mwepesi. Tumechagua chache na kuzifupisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Mbale, Uganda. Mtandaoni kila mtu anasifu matembezi ya vuli ya kwenda peke yako kutuliza kichwa. Muhula wa tatu umenielemea. Je, na sisi tunaweza kwenda Oktoba au Novemba, au nisubiri Januari? Wanale, mlima ulio juu ya mji wetu, nauona kila asubuhi nikifungua dirisha. (Mwalimu, Mbale)

Mwalimu, neno lenyewe ndilo linalotuchanganya. Wanaoyasifu matembezi hayo wengi wako Ulaya na Marekani, ambako vuli ni kipindi cha majani kugeuka rangi na kupukutika, joto likishuka na njia zikiwa tulivu. Kiswahili chetu kinapotaja vuli kinataja mvua. Miezi ni ile ile, Septemba hadi Novemba, lakini mwenzako wa kule anakanyaga majani makavu na wewe unakanyaga tope jekundu.

Hata hivyo hatukushauri usubiri Januari. Kichwa kimejaa sasa. Badilisha saa na ubadilishe njia.

Tuanze na saa. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao Wanale ni sehemu yake, jua la asubuhi hupasha ardhi, hewa yenye unyevu hupanda, na kufikia saa sita mchana mawingu yamejikusanya juu ya mlima. Mvua kubwa mara nyingi huja alasiri. Kwa hiyo uwe njiani saa moja asubuhi, na saa saba mchana uwe umeshashuka. Wasomaji wa Entebbe na ufukweni mwa Ziwa Victoria wasiifuate ratiba hii kibubusa, kwa maana kwao dhoruba hujijenga juu ya ziwa usiku na mara nyingi huwashukia alfajiri. Wao wangoje hadi saa tatu au nne, mbingu zikishatulia.

Njia ni jambo zito zaidi. Udongo wa Elgon ni wa mfinyanzi, mzito, umekaa juu ya miteremko mikali ambayo mingi imeshapoteza miti yake. Mlima hauporomoki kwa tone la kwanza. Huporomoka baada ya siku kadhaa za kunywa maji hadi ukashiba. Nametsi, wilayani Bududa, ardhi iliporomoka tarehe 1 Machi 2010. Bukalasi, Bududa hiyo hiyo, tarehe 11 Oktoba 2018. Bulambuli tarehe 27 Novemba 2024. Mbili kati ya hizo zimetokea katika vuli yetu. Kwa hiyo jiwekee sharti: mvua kubwa ikinyesha siku mbili mfululizo, usipite chini ya mteremko mkali wala kwenye mkondo wa bonde, hata kama asubuhi ya tatu imeamka na jua. Ukikuta ufa mpya ardhini, migomba iliyoinama upande mmoja, au kijito kilichobadilika ghafla kuwa cha tope au kupungua maji wakati mvua inanyesha, geuka papo hapo na uwaambie watu wa nyumba za karibu. Siku kama hiyo kapande kwa barabara ya magari. Haina mandhari ya kujivunia, lakini utarudi.

Wanale ina majabali, na asubuhi ukungu huweza kuyafunika ukashindwa kuona hatua kumi mbele. Kwa matembezi ya peke yako tumia njia uliyokwisha kuipita angalau mara moja ukiwa na wenzako. Hili tunalishikilia kuliko yote tutakayoandika hapa. Anayetafuta njia hapumziki, kwani akili yake iko kazini kila penye njia panda, na atashuka amechoka kuliko alivyopanda. Fahamu pia kwamba sehemu ya juu ya ukingo ule imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, na huko kuna utaratibu na ada za hifadhi.

Sasa piga hesabu kabla ya kufunga kamba za viatu. Mskochi aitwaye William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwenye tope la Oktoba weka kilomita 3 kwa saa. Tuseme safari yako ni kilomita 8 kwenda na kurudi, na unapanda mita 400. Kilomita 8 ni saa 2 na dakika 40, kupanda ni dakika 40, jumla saa 3 na dakika 20. Ongeza theluthi kwa ajili ya kuteleza, kupumua na kusalimiana na watu: unafika muda wa saa 4 na nusu. Ongeza dakika 45 za kukaa kimya kileleni, maana hizo ndizo ulizozifuata. Ukiondoka saa 1 asubuhi unamaliza saa 6 na robo mchana. Weka pia saa ya kugeuka, tuseme saa 4 asubuhi. Ikifika, unageuka hata kama kilele kimebaki hatua mia mbili. Wengi wanaonyeshewa na kuingiliwa na giza kwa sababu ya hizo hatua mia mbili, na giza letu halibembelezi: jua likizama, dakika 20 tu, au zaidi kidogo, huoni unapokanyaga.

Radi je? Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shuka kutoka ukingoni, ondoka kwenye mti uliosimama peke yake, funga mwavuli, na tafuta jengo imara au gari. Kibanda cha nyasi shambani si kinga. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mhariri, nina miaka 29, ninafanya kazi ofisini Kampala. Nataka siku moja ya kuwa peke yangu kabisa, lakini naogopa, na marafiki wanasema mwanamke hatembei msituni mwenyewe. Tena nasikia hifadhini hawakuruhusu kuingia bila mtu. Sasa nifanyeje? (Dada wa Ntinda)

Dada, hofu yako si ushamba. Lakini tenganisha mambo mawili. Kuna kuwa mahali pasipo na mtu, na kuna kuwa mahali ambapo hakuna anayekusemesha wala kukuomba kitu. Mtu aliyechoshwa na ofisi mara nyingi kiu yake ni hilo la pili, na hilo hupatikana hata ukiwa na mwongozaji.

Ni kweli, kwenye hifadhi za taifa zenye milima, yaani Elgon, Rwenzori na Mgahinga, huendi bila mwongozaji. Mgahinga, kule Kisoro, askari hubeba bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Basi mwongozaji mwambie mapema, kabla hamjaanza: "Leo naomba tutembee kimya. Ukiona hatari niambie, mengine tutaongea tukifika." Wengi hawakasiriki, hasa ukilisema kwa adabu na tangu mwanzo. Usiponena, atakueleza kila ndege, naye hana kosa. Ndiyo kazi anayolipwa.

Kwa siku moja kutoka Kampala, msitu wa Mabira ndio unaojulikana zaidi. Uingie kwa mlango wa Najjembe, barabara kuu ya Jinja, upewe mtu wa kukuongoza. Usishuke kwenye teksi ukazama tu kwenye kijia chochote unachokiona pembeni, kwani vingine ni vya wakata kuni na waonao mgeni kama kero. Mpanga, upande wa Mpigi, ni msitu mdogo na mtulivu, na siku za kazi huwa na watu wachache. Ukitaka kujaribu kwanza bila woga, nenda Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898. Ina miti mikubwa na ziwa pembeni, watu wako mbali kiasi cha kutosha, na ukipiga kelele utasikika.

Ukiondoka, mwachie mtu mmoja ujumbe wa maandishi. "Naenda kutembea" haitoshi. Andika unaingilia wapi, unafuata njia ipi, umevaa nguo za rangi gani, unarudi saa ngapi, na afanye nini usiporudi. Mfano: "Nikipita saa 9 bila kukupigia, nipigie. Nisipopatikana hadi saa 10, piga namba ya mwongozaji niliyokutumia, kisha polisi 999 au 112." Bila sentensi hiyo ya mwisho, ndugu yako atakaa na wasiwasi hadi saa mbili usiku akijiuliza kama ataonekana msumbufu akiita watu.

Picha ziweke kwenye mitandao ukishafika nyumbani. Bodaboda panga na yule unayemfahamu, akurudie saa mliyokubaliana, na mtu usiyemjua akikuuliza kama uko peke yako, wenzako wako nyuma wanakuja. Ukitembea vijijini nje ya hifadhi, pitia kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, jitambulishe na useme unapita tu. Tena salimia kila unayekutana naye, kwa lugha ya pale ukiiweza. Kwa Wagisu "mulembe" inafungua njia. Mgeni mwenye begi anayepita kimya huku akiangalia angalia milima atadhaniwa amekuja kupima ardhi ya watu, na hapo utulivu wako umekwisha.

Wakuu, nina laki moja tu. Ninunue buti za mlima mitumbani, au gambuti zangu za shambani zinatosha? Na nibebe nini? (Mfanyabiashara, Jinja)

Kama una raba zenye meno chini ambayo hayajasagika, laki yako ibaki mfukoni.

Gambuti ni nzuri kwenye tope kwa saa mbili hivi, ndiyo maana wakulima wa milimani hawaziachi. Zaidi ya hapo jasho halina pa kutokea, kisigino kinapanda na kushuka ndani, na malengelenge yanaanza. Ukizivaa, ziwe na soli ya ndani ya kuongeza na soksi nene zinazopita juu ya mdomo wa gambuti. Kwenye mwamba uliolowa zinateleza kama samaki. Lugabire, zile za tairi, ni kiatu cha heshima kwenye vumbi la Februari. Vuli ziache nyumbani.

Ukiamua kununua buti za mtumba, pale soko la Owino, Kampala, au kwenu Jinja, usidanganywe na ngozi inayong'aa. Tatizo liko chini. Soli nyingi za buti za Ulaya zina tabaka la povu gumu ambalo huoza taratibu kwa unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinakaa stoo miaka kumi, kinaonekana kipya, halafu kilomita ya tatu soli inaachia yote kama ganda la muhogo. Kunja kiatu kwa nguvu, bonyeza tabaka hilo kwa ukucha. Likimeguka au likibaki na alama, rudisha. Jaribu ukiwa umevaa soksi utakayoitumia, ukisimama kwenye ngazi ukiangalia chini. Vidole vikigonga mbele, ni kidogo kwako. Kisha ukivae mitaani saa moja moja mara tatu kabla ya safari. Kata kucha siku mbili kabla. Njiani, ukihisi joto mahali pamoja mguuni, simama wakati huo huo ubandike plasta. Ukisema "nitaangalia tukifika", utakuta lengelenge limeshapasuka.

Kuhusu nguo, jinzi ndiyo adui. Ikilowa inakuwa nzito, inashikilia baridi, haikauki hadi kesho. Joto hupungua nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda: Mbale ikiwa na nyuzi 28, mita elfu moja juu yake ni 22 hivi, na mtu aliyelowa anayepigwa na upepo hutetemeka hata kwenye 22. Suruali nyepesi ya michezo na sweta la manyoya bandia, ambalo mitumbani halikosekani, vinatosha. Kitu cha maana kuliko koti la bei ni fulana kavu iliyofungwa ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, uivae ukifika juu. Kaveera ya pili ni ya simu. Zirudishe zote nyumbani.

Maji weka nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Kwa saa nne beba lita 2, usitegemee vijito hata vikionekana safi, maana juu yake kuna ng'ombe na watu. Lita moja unaweza kuitia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, si vya kilima. Chumvi ikizidi itakudhuru. Chakula chukua mayai ya kuchemsha, karanga, gonja (ndizi za kuchoma). Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, nayo ni sawa ikiwa imepikwa asubuhi ile na haina nyanya. Nyanya huilowanisha na saa nne baadaye utakuwa unakula uji wa chapati. Ongeza filimbi, tochi hata kama unarudi mchana, na noti ndogo ndogo za boda.

Nilitembea peke yangu saa mbili kuzunguka maziwa ya volkano, nikarudi na mawazo yale yale. Je, haya mambo yana ukweli au ni ya wazungu? (Fort Portal)

Yana ukweli wenye mipaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2015 jaribio la watu 38: nusu walitembea dakika 90 kwenye nyasi na miti, nusu kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea kwenye miti walisema wamepunguza tabia ya kurudia rudia mawazo mabaya, na sehemu ya ubongo inayohusika nayo ilikuwa imetulia zaidi. Watu 38 ni wachache, na hakuna aliyerudi na deni lililolipwa. Ila dakika 90 ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Tunadhani tatizo lako liko kwenye mpangilio. Nusu saa ya kwanza mawazo huwa makali kuliko nyumbani, kwa sababu redio, simu na watu vilivyokuwa vinayafunika havipo. Wengi hapo huweka vipokea sauti masikioni, na matembezi yamekwisha, imebaki safari. Usiviweke. Kabla ya kutoka, andika kinachokusumbua kwa sentensi moja kwenye karatasi, uiache mezani. Dakika 40 za kwanza usikishughulikie. Pumua ndani kwa hatua nne, nje kwa hatua nne. Mlima ukiwa mkali fanya mbili mbili. Mwendo uwe ule ambao ungeweza kuongea lakini si kuimba. Mawazo yakirudi, na yatarudi, rudi kwenye hesabu bila kujigombeza. Ukifika, kaa chini dakika 20 bila kufanya lolote, hata picha. Ni wakati wa kurudi ndipo unaruhusu lile jambo lije, na mara nyingi huja likiwa dogo kiasi cha kushikika. Andika mistari mitatu, si zaidi.

Simu iweke kwenye hali ya ndege, maana penye mtandao hafifu huimaliza betri kwa kuutafuta. Iwashe saa ulizokubaliana na mtu wako. Kisha angalizo moja: usiache kazi wala ndoa ukiwa kileleni. Hewa ya juu humpa mtu ujasiri ambao Jumatatu haupo. Uamuzi ulioufikia huko uache ulale siku mbili, na ukiamka nao bado ni huo, haya.

Mara moja kwa mwaka haitoshi pia. Dakika 90 kila wiki kwenye kilima cha karibu zitakufaa kuliko Rwenzori moja ya kukopea pesa.

Kaka yangu halali zaidi ya wiki tatu, hali chakula, na juzi amemgawia rafiki yake redio na baiskeli. Sasa anasema anataka kwenda mlimani peke yake "kupumzika". Nimwache? (Lira)

Usimwache, na usisubiri toleo lijalo. Mtu asiyelala wala kula kwa zaidi ya wiki mbili ni mgonjwa anayehitaji tiba, na anayegawa vitu vyake huenda anaaga. Muulize waziwazi, mkiwa wawili, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna aliyeona. Asikae peke yake usiku wala mchana, ondoa dawa za shamba na kamba ndani ya nyumba, na mpelekeni hospitali leo. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Lira ikiwamo, zina huduma ya afya ya akili, na Butabika hapa Kampala ndiyo ya rufaa ya taifa. Matembezi yatakuja baadaye, akiwa na wewe pembeni.

Habari za Kampala! Mimi ni mwanafunzi huku Leeds, Uingereza. Huku vuli ni vuli kweli, na hakuna anayenilazimisha kuchukua mwongozaji. Niangalie nini? (Mganda ughaibuni)

Angalia saa. Umezoea siku isiyobadilika, na hiyo ndiyo itakayokuponza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, ghafla jua linazama kabla ya saa 11 jioni, na mwishoni mwa Novemba kabla ya saa 10. Ile kanuni ya Naismith itumie, kisha hakikisha unamaliza saa mbili kabla ya jua kuzama. Rangi za majani kwa kawaida huwa nzuri kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba; yakianguka na kulowa juu ya mawe yanateleza kuliko tope la kwetu.

Usianze na Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England. Ni mita 978 tu, na Mganda aliyeiona Elgon atacheka, lakini kule juu ukungu, upepo na baridi ya kuganda vinaweza kukukuta vyote ndani ya siku moja. Anza na kuzunguka ziwa la Buttermere, kama kilomita 7, karibu yote tambarare. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000. Njia za umma za miguu zimechorwa kwa vistari vya kijani. Tuma neno "register" kwa ujumbe mfupi kwenda 999 sasa hivi, ukiwa chumbani, ufuate maelekezo, ili siku mtandao ukiwa hafifu uweze kuomba msaada kwa maandishi. Ukipiga simu, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Waokoaji ni watu wa kujitolea na hawatozi pesa, kwa hiyo usichelewe kuwaita kwa kuogopa bili. Filimbi hupulizwa mara sita, unangoja dakika moja, unarudia.

Siafu, nyoka na mbwa. Jibuni kwa kifupi. (Masindi)

Siafu hutembea sana wakati wa mvua. Chomeka suruali ndani ya soksi, uangalie chini kabla ya kusimama kupiga picha. Ukivamiwa, ondoka kwanza mita kumi kutoka kwenye mstari wao, ndipo uwang'oe mmoja mmoja. Kuruka ruka pale pale ni kuwaita wengine.

Ukiumwa na nyoka, keti, vua pete na viatu, zuia kiungo kisitikisike kwa kijiti na kitambaa kama mfupa uliovunjika, na ubebwe hadi hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kwa daktari.

Mbwa akija, simama, usikimbie, inama kama unayeokota jiwe. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na uende kutafuta chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Vijana, nina miaka 66 na goti moja bovu. Milima hiyo yote mnayoitaja ni ya wenye magoti. Mimi je? (Mzee, Muyenga)

Shikamoo mzee. Goti haliteswi sana na kupanda. Linateswa na kushuka, kwa sababu kila hatua linapokea uzito wa mwili ukiwa unaanguka. Kwa hiyo panda kilima chenu cha Muyenga taratibu kwa miguu asubuhi, fimbo ukiishika mkono ulio upande wa goti zima, ukae juu kadiri utakavyo, kisha ushuke kwa boda. Bei ielewane ukiwa bado chini, kabla hujaanza kupanda. Vijana wa boda walio juu wakiona mzee ameshika goti, bei hupanda nayo.